Nyundo ya Mnara Iliyokamatwa

Ngoma ivumayo sana haipasuki. Kwetu Accra hukamatwa. Nililithibitisha hilo kwenye trotro, daladala yetu, ya kwenda Teshie, msimamizi mmoja wa ujenzi alipomtambua mama aliyepakata beseni la kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa.

“Mama, si wewe uliyewaita walinzi wa mila wakachukua nyundo yetu?”

“Ni mimi, mwanangu. Mwezi huu ngoma hazipigwi. Miungu inataka kimya mpaka mahindi yaote.”

“Ile ni mashine ya kupigilia nguzo za msingi. Tunajenga mnara wa kupandisha watu na kuwaporomosha, wafurahi.”

“Mume wangu hajacheza tangu harusi yetu. Mashine yenu ilipoanza, alitikisa mabega mpaka adhuhuri. Kama si ngoma, ni nini?”

Abiria wakaguna kukubali. Mmoja aliusifu mdundo.

“Shimo linajaa mvua, mama, nitafukuzwa kazi. Twende kwa chifu useme ulikosea, uombe radhi, waiachie. Tutaivisha godoro isisikike.”

“Ngoma iliyovaa godoro ni ngoma iliyovaa.”

Nilimhurumia msimamizi, ila si sana. Trotro ikasimama Labadi. Mama akajitwika beseni lake.

“Radhi siombi,” alisema, akashuka.