Mshenga wa Drusilla Gesare

Mchungaji, wazee wa ukoo, akina mama, na ninyi nyote mlioacha kuchuma chai leo kwa ajili yetu, familia imenipa mimi, Esnah Nyanchera, fundi cherehani wa Masimba, binti wa baba mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na wangejua niliyo nayo moyoni wasingenipa.

Drusilla Gesare alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 kule Sironga, mtoto wa tatu wa mzee Zachariah, akamaliza shule ya msingi mwaka 1964, na mwaka 1966 akapata kazi kwenye kituo cha chai cha Itumbe ya kupima majani chai ya wakulima, kazi aliyoifanya kwa haki, hata mjomba wake hakuongezewa ratili moja.

Miaka hiyo yeye nami tulikuwa wagonjwa wa vile vitabu vidogo vya mapenzi, tukivinunua Kisii mjini na kuvisoma kwa zamu mpaka majalada yakabanduka, na katika vitabu vile mwanamume akipenda hununua, anakuja na saa ya mkono, manukato na redio, na msichana anajua amependwa. Basi mwaka 1968 walikuja wachumba wawili, Onsongo wa kule kule Sironga, na Jethro Ondieki wa hapa Masimba, na Drusilla akawaomba wazee wanitume mimi, ingawa nilikuwa msichana mdogo, niwe esigani, yule mshenga anayekwenda kukagua boma la mchumba na kurudi na ukweli, kwa sababu aliniamini.

Kwa Onsongo nilikuta vigoda, ng'ombe watatu na maziwa ya kutosha, nikarudi nikasema hapana kitu. Kwa Jethro nilikuta makochi, redio na saa ya ukutani, na juu ya makochi vitambaa vyenye jina la Loice, mke wa mwalimu jirani yake, jina nililolitarizi kwa mkono wangu huu mwezi uliotangulia, kwa hiyo nilijua papo hapo kwamba vitu vile ni vya kuazima. Jethro akanipa chupa ya manukato, nikajiona nami nimeingia kitabuni, nikarudi nikawaambia wazee kwamba boma limejaa. Hakuna aliyenilazimisha, jamani, nilitaka tu hadithi iishe vizuri.

Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1969, wakajaliwa Nyangate mwaka 1970 na Obadiah mwaka 1973. Wiki ya pili baada ya arusi makochi yalirudi kwa mwenyewe, na Jethro kwa aibu akaenda Nairobi kutafuta ya kwake, akawa kila Krismasi analeta kitu kimoja, kochi, redio, saa, anakaa siku tano, anarudi. Shemeji, upo hapa, sikuchongei, ulijipamba kama wachumba wote, aliyetumwa kutazama ni mimi. Miaka minane dada yangu alilima, alichuma na kubeba peke yake.

Aprili mwaka huu wa 1977 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, na tarehe 20 Oktoba akalazwa hospitali ya Kisii. Jumatatu tarehe 7 Novemba nilikuwa kando ya kitanda chake, akaniuliza, "Nyanchera, ulipokwenda kule, ulijua?" Nikasema, "Sikujua, dada." Akanishika mkono, akasema, "Basi hakuna aliyenikosea." Jumatano tarehe 9, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Itumbe waliochanga na kuleta sanduku, majirani waliolala nasi kilioni, na Onsongo na mkewe waliokuja kutoka Sironga kuchuma chai ya marehemu tangu alipolazwa, bila kuombwa na mtu.

Nyangate, mwanangu, una miaka saba na maneno haya yamekuzidi umri, lakini ukikua wakija wachumba, usikubali nitumwe mimi.

Dada Drusilla, pumzika kwa amani. Nilijua.