Nikodemo Nzunda na Mama Aliaye Ndani ya Santuri

Marehemu Nikodemo Nzunda alizaliwa Itaka, Mbozi, tarehe 4 Machi 1908. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alichapwa mara mbili, zote kwa kuimba wakati wa hesabu. Alistahili.

Mwaka 1931 alimwoa Roda, binti wa kijiji cha Isongole, akawa kiongozi wa kwaya ya kanisa.

Mwaka 1937 alivuka mpaka Tunduma, akafanya kazi migodini Rodesia ya Kaskazini. Jioni alipanga viti katika ukumbi wa Wazungu, na huko, nyuma ya pazia, aliona opera, mchezo ambao watu huimba hata wakigombana. Alirudi 1946 na gramafoni na santuri ya opera mpya, ya mtunzi aliye hai bado. Ndani yake mama mmoja anamlilia mumewe aliyekufa, pande zote mbili za santuri.

Siku ya kwanza ilipolia, majirani walikuja na unga na kuni za msiba. Mama Ferista alifika mlangoni akilia.

"Nani amekufa?"

"Mume wa huyu mama. Kaa, dada, bado upande wa pili."

"Basi unga wangu unarudi nyumbani."

Baraza la wazee wa kanisa, chini ya mdogo wake Hezron, anayesoma wasifu huu, lilimtaka achague kati ya santuri na kwaya.

"Kaka, kilio si mchezo. Siku ukifa kweli, nani atakuja?"

"Mtakuja. Ila mwacheni mama amalize."

Akavuliwa uongozi wa kwaya. Tangu hapo alipiga santuri kila siku saa kumi na moja jioni.

Aprili mwaka huu, 1956, aliugua kichomi. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Mei, saa nane mchana. Roda na binti zake walilia inavyopasa. Hakuja mtu. Mama Ferista amekiri kwamba alisema shambani, "Leo ameanza mapema." Hezron, ambaye nyumba yake ni ya pili kutoka hapo, alisikia kilio akafunga dirisha.

Saa kumi na moja gramafoni haikulia. Ndipo watu wote wakaacha mahindi, wakaja mbio na unga na kuni. Hezron alifika wa kwanza, bila viatu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Efraimu, Elizabeti na Ruti, na mdogo wake mmoja.

Kabla ya kushusha jeneza, santuri itapigwa pande zote mbili. Baraza limeruhusu. Tunaombwa kumwacha mama amalize.

Kaka Nikodemo, pumzika salama.