Lori Lililorudi Bila Ndizi

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenifikisha mbele yenu nikiwa bado na sauti ya kusema. Jina lake lisifiwe.

Nilifika Karagwe kwa njia ndefu. Nilitoka Masasi nilipomaliza kidato cha nne, nikapakia magari Dar es Salaam, kisha Makambako, kisha Kahama. Kila nilipozoea mji, moyo uliniwasha nikaondoka bila kuaga. Kahama nilimwoa Debora, mwanamke wa Singida, ambaye hakuwahi kuniuliza tutakaa wapi au kwa muda gani. Tulivuka ziwa kwa meli kutoka Mwanza hadi Bukoba, tukapanda basi la kwenda vilimani. Tuliposhuka Omurushaka mvua ilikuwa inanyesha. Debora akatazama migomba pande zote, akasema, "Hapa hata tukikosa kazi, kivuli hatutakosa." Hadi leo nikiona mgomba namsikia.

Kazi nilipata kwa Mzee Abdallah, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Pwani. Alinunua ndizi vijijini na kuzisafirisha kwa wenye maduka wa Mwanza. Mimi nilipanga malori: lipi liende wapi, lipakie lini, lifike lini. Ndizi haikatwi mapema. Mkungu ukikatwa leo na gari likachelewa, unaiva njiani na mnunuzi anaukataa. Kwa hiyo mkulima alikata asubuhi ya siku ya kupakia, nikishamwambia kata.

Mwanzoni malori yalirudi matupu. Barabara nzuri, dereva kafika, ndizi bado ziko shambani. Kumbe kule mtu akifa, hakuna anayeshika muhoro, kile kisu kilichopinda cha kukatia mikungu, mpaka azikwe. Kijiji kizima kinakaa msibani, na Mwanza wanatutukana kwa simu.

Basi nikabuni njia yangu. Kabla ya kutuma gari, niliwapigia watu simu kuuliza wagonjwa. Kule Kamuli nilimpigia Mama Leokadia, mjane aliyejua habari za kila nyumba.

"Shikamoo, mama. Yule mzee wa mlimani anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Leo kanywa uji kidogo, ila miguu imevimba, na jana usiku..."

Nikishasikia uji, nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilikata simu, lori likaenda. Nikisikia mgonjwa hasemi tena, nililigeuzia kijiji kingine, Rugera.

Mizigo ikaanza kufika kwa wakati, na wateja wakatuamini. Mzee Abdallah alinitania mbele yao: "Huyu bwana, hata Izraili akija Karagwe atapita hapa kwanza kuuliza ratiba." Wakacheka, nami nikacheka. Ndugu zangu, sikujua kuwa nimefungwa. Niliuliza habari za wanaokufa kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Kisha Debora akaugua. Ilianza homa, macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Hospitali walimtibu, mwishowe wakaniambia nimrudishe nyumbani. Mchana mmoja nimekaa kando ya kitanda chake, nikajikuta nawaza: akifariki Alhamisi, nani atasimamia lori la Kamuli?

Akanitazama. "Unapanga nini?"

"Sipangi kitu."

"Mimi siyo gari, baba. Kaa tu."

Nikakaa. Lakini machozi hayakuja, na nilipojaribu kuomba, maneno yalikuwa makavu kama majani ya kiangazi.

Alifariki alfajiri ya siku ya kupakia. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia Kamuli wakate, na lori lilikwisha kuondoka. Kule mtu huzikwa kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani, kati ya migomba yake. Mimi nilikuwa mpangaji, sikuwa na hata mgomba mmoja, wala ndugu. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba Debora, aliyenifuata kote, atazikwa na mimi peke yangu na vibarua wa kuchimba kaburi.

Mzee Abdallah alikuja akaketi nami. Simu yake ikalia. Alikuwa dereva.

"Mzee, huku hawajakata hata mkungu mmoja. Wanasema kuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa kwenu huko, wa Debora. Si wewe mwenyewe, mzee, ulimpigia Mama Leokadia asubuhi kumpa habari?"

Mzee akanitazama, kisha akasema kwenye simu, "Basi usirudi tupu. Wapakie watu."

Lori likaingia Omurushaka limejaa watu wamesimama. Mama Leokadia akashushwa, akanishika mikono. "Pole, waitu," yaani mtu wetu.

"Mama, na ndizi zenu?"

"Ziko kwenye mgomba, zitakwenda wapi? Wewe umetuulizia wagonjwa wetu. Leo tumekuja kwa ajili ya wako. Atalala kwenye kibanja changu, kando ya mume wangu. Mtu hazikwi kama mzigo uliokosa mwenyewe."

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, nilikuwa nauliza kwa ajili ya malori."

"Tulijua, mwanangu. Unadhani simu ikikatwa hatusikii? Lakini watoto wetu walioko mijini hata kuuliza hawaulizi."

Ndugu zangu, hapo nikalia. Nililia tangu Omurushaka hadi Kamuli, juu ya lori, nimeshika jeneza. Walijua ubaya wa moyo wangu na bado wakaja. Nikaelewa msalaba, ambao nilikuwa nimeusikia tangu utotoni. Siku ile Bwana alinifungua. Mke wangu hakunirudishia, na sitawadanganya kwamba haiumi.

Baadaye niliamua kurudi Masasi kwa mama yangu, ambaye kwa miaka mingi sikumuuliza chochote. Siku niliyoondoka moja kwa moja, Mama Leokadia alikuja stendi. Hakukuwa na lori la Kamuli siku hiyo. Nikamwuliza, "Yule mzee wa mlimani anaendeleaje?"

Akaanza kunieleza. Kondakta akapiga kelele, "Baba, unapanda au tukuache na mkweo?" Watu wakacheka. Nami nikasimama pale pale nikasikiliza habari ya uji, ya miguu, ya usiku alivyokesha, mpaka mama mwenyewe akanyamaza. Ndipo nikapanda.

Namshukuru Mungu kwa yote. Na wewe uliyekauka moyoni, mwite Yesu leo, umweleze yote. Yeye hakati simu.