Alhamisi, Saa Kumi Alasiri

Mheshimiwa mwakilishi wa Waziri, Mkurugenzi wetu wa Redio Ikembe Bwana Dieudonné, wakuu wa idara, wazee wetu wa Buyenzi mliovaa kanzu za Ijumaa ingawa leo ni Jumamosi, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe msikilizaji uliyeko karakana, dukani au jikoni, maana maneno haya yanakwenda hewani moja kwa moja: amahoro kwenu nyote, na asalaam alaykum.

Naomba mnivumilie nikitembea-tembea. Fundi wetu Méthode amenichorea alama ya chaki hapa chini akaniambia nisimame juu yake nisisogee, lakini miguu yangu tangu asubuhi imekataa kutulia. Nimefungwa kilemba na dada yangu, nimepewa maua, nimepigwa picha na watu ambao sikujua kama wananipenda, na bado najisikia kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mnipe muda kidogo, na hizo Fanta mzinywe kabla hazijapata moto.

Mimi Mwavita, mkuu wa vipindi, leo nastaafu, na kazi yangu ya mwisho ni kusoma wiki. Kwa mgeni asiyejua mambo yetu, nieleze. Katika nyumba hii, kila ratiba ya vipindi inapobadilika, mkuu wa vipindi husimama mbele ya watu, hewani, akaisoma siku baada ya siku. Kikishasomwa, kipindi kinakuwa ahadi kwa msikilizaji, na hakuna mkubwa wala mdogo anayekigusa mpaka siku wiki itakaposomwa upya. Ratiba hii niliyoishika inaanza kesho kutwa, Jumatatu.

Kabla sijaisoma, nimsifu Bwana Mkurugenzi, na sifa zenyewe sizimung'unyi. Mnakumbuka mwaka jana? Kamati yetu, watu wazima tuliokaa ofisini Rohero na kahawa mbele yetu, tulipanga kipindi kipya cha simu za wasikilizaji, tukakiweka Jumamosi saa mbili asubuhi. Sasa niulize: ni nani katika Bujumbura asiyejua kwamba Jumamosi saa mbili mji mzima uko kwenye kazi za jumuiya, majembe mkononi, tunazibua mitaro? Sisi wenyewe wanakamati tulikuwa mitaroni Jumamosi iliyotangulia! Lakini karatasi ilipita mikononi mwetu wote, ikasomwa hewani, na tulikuja kushtuka watu wakishapiga makofi.

Maskini Loïc akaketi studio peke yake, anabembeleza, "Pigeni simu, jamani, pigeni," na simu kimya. Akanijia ofisini jasho linamtoka: "Mama Mwavita, tuitoshe tu hii emisio, akuna mutu anapiga!" Nikamshika mkono hadi kwa Mkurugenzi, akaombe mwenyewe kipindi kiondolewe. Na Mkurugenzi alijibuje? Alisema, "Apana. Batu walishaisikia. Ilisomwa, itaenda." Basi ikaenda. Haukupita muda watu wakaanza kushuka mitaroni na redio zao ndogo, wakapiga simu kutoka humo humo, tope hadi magotini, mmoja anaomba rumba, mwingine anamsema jirani aliyejifungia ndani akisingizia homa. Leo hakuna kipindi kinachotajwa zaidi ya hicho. Kwa hiyo nasema mbele ya Mheshimiwa: Bwana Dieudonné ni mtu anayeheshimu kilichosomwa, na kwa hilo namvulia kilemba.

Sasa nimekwisha kumsifu, nina jambo linanikereketa.

Kwenye safu ya tatu pale amekaa Soumaya. Soumaya ndiye mtangazaji wa Wimbo Huu wa Nani?, Alhamisi saa kumi alasiri. Kipindi chenyewe hakina ufundi. Mtu anapiga simu, anaimba wimbo alioubeba tangu utotoni bila kujua jina lake wala ulikotoka, na wengine wanapiga kumwambia: huo ni wa mavuno, huo tuliimbiwa shuleni, huo baba yangu aliutoa Uvira. Wanaimba vibaya, nakubali. Wanasahau, wanakohoa, wanaanza upya. Bwana Mkurugenzi hapendi, na sababu yake si ya kipuuzi. Ameniambia zaidi ya mara moja, "Mama Mwavita, redio ya muziki haiwezi kukaa kimya, na saa ile ina ukimya mwingi." Ni kweli, ina ukimya. Lakini mnaujua ukimya ule? Nimeusikia nikiwa kwa fundi cherehani Kamenge: mashine zikasimama, mafundi wakainua vichwa, kila mmoja anatafuta kichwani mwake neno ambalo mtu wasiyemjua amelisahau. Ni wimbo gani wa kwenye kompyuta umewahi kuwasimamisha watu kazi namna ile?

Na nyuma kabisa, karibu na mlango, amekaa mgeni wangu. Anaitwa Marguerite, anauza mboga Kamenge, jirani na hospitali. Marguerite, usiinamishe kichwa, mama, hapa ni nyumbani. Mama yake alikufa wakati wa vita, yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni au zaidi kidogo, akalelewa na wasamaria ambao hawakujua ametoka kilima gani wala ni wa nani. Alichobaki nacho cha kwao ni nusu ya wimbo. Mtoto anaambiwa asilie, shangazi yuko njiani na maharage mapya. Unaishia hapo, shangazi hajafika.

Alhamisi hii iliyopita Marguerite alikuja studio akauimba. Soumaya akasema, "Wimbo huu wa nani?" Tukangoja. Halafu simu ikalia. Mwanamume, sauti yake nzito. Alisema, "Uyo mama ameutoa wapi? Uyo wimbo ni wa kwetu ku nyumba. Nyanya yetu ndiye aliutunga, na hakuna wengine wanaujua. Ku mwisho anataja watoto wote kwa majina." Akaanza kuimba pale shangazi anapobisha mlango. Kengele ya taarifa ya habari ikalia. Akasema haraka haraka, "Alhamisi nitarudi, nitaumaliza," na laini ikakatika.

Tuliipiga namba ile mara moja. Aliyepokea akasema, "Mi simujui ule mutu, ameniomba simu tu ku njia, hapa Cibitoke." Tumetangaza jana, tumetangaza leo asubuhi, tumebadilisha sauti ya mtangazaji, hakuna aliyejitokeza. Labda yuko safarini. Labda ni mtu wa neno moja, amesema Alhamisi na anamaanisha Alhamisi. Marguerite tangu siku ile hajala vizuri, ananipigia simu kuniuliza kama namfahamu mtu yeyote mwenye sauti nzito Cibitoke. Nimwambie nini? Nimwambie kwamba huenda jina lake limo ndani ya wimbo ule, lakini Alhamisi ijayo saa hiyo haitakuwepo?

Kwa sababu haitakuwepo. Kwenye karatasi hii, mahali pa saa ile, pameandikwa Muziki wa Mfululizo. Kompyuta itachagua, kompyuta itapiga, na Soumaya atakwenda kupanga santuri stoo. Niliomba wiki moja tu ya ziada. Nikaambiwa ratiba imeshapitishwa. Nikasema nitaizungumzia leo. Nikaambiwa, tena kwa upole: "Mama, leo ni sikukuu yako. We soma tu."

Basi nasoma.

Jumatatu: asubuhi nyimbo za kazi na Prudence, jioni rumba ya zamani. Jumanne: kwaya za makanisa yetu, kisha muziki wa vijana na Danielle. Jumatano: ngoma na inanga, rekodi mpya kutoka mikoani. Ijumaa: kaswida kabla ya sala ya adhuhuri, na wazee wangu wa Buyenzi, nimehakikisha kwa macho yangu kwamba hakuna zouk mpaka mtoke msikitini. Jumamosi: Loïc na mitaro yake, mchana nyimbo za harusi. Jumapili: misa, kisha muziki wa familia hadi jioni.

Nasikia minong'ono. Méthode ananionyesha vidole vinne, siku ya nne. Ndiyo, Méthode, najua kuhesabu siku, nimeiruka Alhamisi kwa makusudi. Nimeiruka kwa sababu naogopa, na sioni haya kusema naogopa. Mtu anayestaafu anataka aondoke vizuri, apewe mkono, watoto wake wasisikie kwamba mama aliharibu sherehe yake mwenyewe. Bwana Mkurugenzi ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane sijui macho yake yanasema nini.

Acha nishukuru kwanza, isije ikawa baadaye sina nafasi. Mheshimiwa, asante kwa kutuletea heshima hii. Wenzangu wa vipindi, mmenivumilia na makelele yangu ya kila Jumatatu, Mungu awalipe. Bwana Dieudonné, umekuwa mkubwa wangu na ndugu yangu, na tukitoka hapa, hata kama hutanisalimia, mimi nitakusalimia.

Mpaka nishuke kwenye ngazi hizi, mimi bado ni mkuu wa vipindi wa Redio Ikembe, na sauti yangu iko hewani. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Alhamisi, saa kumi alasiri: Wimbo Huu wa Nani? Mtangazaji, Soumaya. Mgeni studioni, Marguerite wa Kamenge. Na siku hiyo kengele ya habari itangoja mpaka wimbo uishe.

Nimesoma.

Na wewe ndugu uliyeomba simu njiani Cibitoke, jina lako hatulijui, lakini umesikia, na mji mzima umesikia pamoja nawe. Kuna mtu wenu hapa. Njoo umtajie majina.

Ndugu zangu, wiki imesomwa. Asanteni kwa kunipa masikio yenu miaka yote hii. Alhamisi mpeni Marguerite.