Bi Teodosia Chilumba, Aliyeipatia Malolo Jirani

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu wa mawasiliano hapa ofisini Nachingwea, Bi Teodosia Chilumba, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Tuliposikia, wengi tulibisha. Mtu anayepanda mnara kwa kasi ile, kitenge kimefungwa juu ya suruali, anastaafu vipi?

Alianza na redio za mawasiliano, zahanati zikisubiriana zamu ya kuongea na Nachingwea. Miaka ya karibuni alitufungia mtandao: kila zahanati na antena yake na kompyuta ndogo. Kituo kipya kikiwashwa kiliuliza kwanza mashine kuu ya hapa ofisini Nachingwea wenzake wako wapi. Kikishapewa anwani, kiliongea nao moja kwa moja. Hilo la mwisho hatukulielewa. Kwetu sisi, mashine ya Nachingwea ndiyo ilikuwa mtandao wenyewe.

Kisha ikaja radi ya Februari mwaka jana. Asubuhi hiyo Bi Teodosia alikuwa Malolo, anafunga kituo kipya. Huku ofisini radi ilipiga mnara, mashine ikatoa moshi mbele ya macho yetu, na simu zikakatika kila mahali. Tulibaki tumeikodolea macho.

Kule Malolo kituo kipya kiliita Nachingwea. Kimya. Muda huohuo muuguzi Saada alitoka chumba cha kujifungulia, glavu zimelowa damu.

"Mama Teo, Safina anavuja damu, haikatiki! Niitie gari la wagonjwa Ruangwa!"

Kituo kile Bi Teodosia alikuwa amekipa anwani moja tu ya kuanzia, nayo ndiyo iliyoungua. Anwani ya Ruangwa hakuijua. Aliyoikumbuka ni ya Mnero, kwa kuwa alitoka kubadilisha antena kule siku chache nyuma. Akaiandika. Mnero ikaitika, ikaipa Malolo anwani za vituo vyote inavyovifahamu, Ruangwa ikiwemo. Ujumbe wa kuomba gari ukaenda Ruangwa moja kwa moja, Nachingwea haipo.

Jioni simu ziliporudi, dereva Bilali alitupigia kutoka Ruangwa. "Mgonjwa wenu wa Malolo nimemfikisha. Mzima, na mtoto mzima."

Tulitazamana. "Malolo?" mkuu wetu, Ndugu Edwin, aliuliza, waya ulioungua bado uko mkononi. "Ujumbe umepita wapi?"

Bi Teodosia aliporudi hakutaka pongezi. Alikaa kwenye kiti akalia. "Kama nisingekwenda Mnero," alisema, "yule binti angetufia mikononi."

Baada ya hapo alizunguka wilaya za Nachingwea na Ruangwa nyuma ya bodaboda, matope mpaka magotini, akikipa kila kituo anwani za majirani kadhaa wa kuanzia, ili mmoja akinyamaza mwingine aitike.

Wiki iliyopita alituamuru tuzime mashine mpya ya Nachingwea kwa makusudi, kisha tuwashe kituo ambacho hakijawahi kuwashwa. Ndugu Edwin alifumba macho. Kituo kikampata jirani mmoja, jirani akakitajia wengine, na kabla hatujavuta pumzi zahanati zote zilikuwa zinaitikia. Tulipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja kuchungulia.

Bi Teodosia, tunakushukuru sana. Nenda kapumzike kwenye mikorosho yako, Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Sisi bado mioyo inatudunda kwa jaribio lile la wiki iliyopita.