Redio Anatuaga: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kutazama Ubongo wa Panya

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu, mkuu wa kitengo cha picha, tunayemwita Redio, anastaafu. Anaondoka kabla ya muda wake, na sababu haifichi. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, amepatwa na ugonjwa wa kusahau, naye hataki dada huyo atunzwe na mtu baki.

Alipoajiriwa, ubongo wa panya ulichunguzwa kwa njia moja tu: panya afe kwanza. Hilo lilimnyima raha. Aligonga mlango huu na ule kwa miaka mpaka tukapata mashine ya kumpiga picha panya bila kumpasua. Panya hudungwa sukari kidogo yenye mionzi, na sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi huila zaidi, ikang'aa kwenye picha. Kisha panya, aliyelazwa usingizi wakati wa kupigwa picha, huamka na kurudi kwa wenzake.

Jina la Redio alilipata kihalali. Kuna wakati panya wetu wote waling'aa ajabu kwenye sehemu ya kusikia. Tukajipongeza kwamba dawa mpya tuliyokuwa tukiijaribu imefanya maajabu, na soda zikaagizwa. Kumbe bwana mkubwa, akisubiri sukari ifike ubongoni, alikuwa akiwaimbia! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akarudia jaribio zima akiwa kafunga mdomo. Kwa tunaomjua, hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Leo, kwa juhudi zake, tunaona ubongo wa panya mwenye ugonjwa wa kusahau ukianza kupunguza kula sukari muda mrefu kabla panya huyo hajaanza kupotea njia kwenye vichochoro vya majaribio. Hospitali zimeanza kuulizia. Siku picha hizo zilipokamilika tulishangilia, yeye akatoka akasimama koridoni peke yake. Baadaye alituambia kwamba kwa dada yake zimechelewa. Ilituuma sana.

Siku hizi dada humwuliza kila asubuhi yeye ni mtoto wa nani. Humjibu kwamba ni wa kwake. Dada hamkumbuki, lakini hukubali palepale, akamwamuru akanawe mikono aje ale.

Asante kwa yote, mkuu wetu. Tunakutakia maisha mema na marefu, wewe na dada. Sasa nenda kanawe, unasubiriwa mezani.