Tawi Moja la Bibi Sumu

"Liguse hilo tawi, mjomba, uone!"

"Niue basi! Mti uko kwangu, nitaukata!"

Wasikilizaji wapendwa, huyo wa kwanza ni binti wa marehemu. Wa pili ni kaka wa marehemu, panga mkononi. Tuko uani kwao, na tangu asubuhi wanarushiana maneno. Nilikuja kumkumbuka mtu. Basi nitamkumbuka humuhumu kwenye kelele.

Marehemu alikuwa mtafiti wa michungwa. Kazini walimwita Bibi Sumu, na hawakuwa wakimsifu. Alidondoshea machipukizi dawa ya kolkisini, tone kwa tone, juu ya pamba. Ukikosea, dawa hiyo inaua chipukizi. Ukipatia, kromosomu zake, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, zinakuwa maradufu. Mti wa namna hiyo ukiuzalisha na mchungwa wa kawaida, unaweza kupata machungwa yasiyo na mbegu. Machungwa yasiyo na mbegu: ndiyo aliyoyatafuta maisha yake yote.

Machipukizi mengi yalikufa. Mkuu wake akamwambia, "Hiki si kitalu, ni makaburi." Akamfungia maabara. Bibi Sumu akauleta mche mmoja hapa kwa kaka yake. Ukakua nusu kwa nusu. Matawi mengine yalikuwa ya kawaida, marefu, ya kupendeza. Mengine yalidumaa, majani manene, matunda yenye ganda kama soli ya kiatu. Hayo mabaya ndiyo yaliyokuwa maradufu.

Alipolazwa hospitali, kaka mtu akaupogoa mti. Akakata yaliyodumaa, akaacha marefu.

"Nilimsafishia," anasema hata leo. "Shukrani ya punda ni mateke. Hakunisemesha mpaka anakufa."

"Akusemeshe nini, mjomba? Umemkatia kazi ya maisha, halafu unasubiri ahsante!"

Mimi ni mama. Naijua hasira ya kufanyiwa usafi usiouomba.

Limebaki tawi moja tu lililodumaa, la chini. Mjomba anataka pa kuegesha gari.

Poleni sana wafiwa, na huyu mwenye panga pia, maana naye amefiwa ingawa haionekani. Nasi tujiulize: kitu tusichokielewa, mbona tunakimbilia kukikata?

Ngojeni. Binti ameusogelea mti. Ameshika kisu. Analikata tawi mwenyewe! Anabandua macho ya tawi, yale machipukizi madogo, moja moja, anayachomeka kwenye magome ya miche ya milimau aliyoiacha mama yake hapa uani, ili yaote humo, anafunga kwa nailoni. Mche wa mwisho huo. Amefuta kisu.

"Haya, mjomba. Sasa kata."